Binti wa Josho la Nkasi na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia majani na ng'ombe wa kwanza amegoma. Amesimama ukingoni mwa josho, miguu ya mbele ameikaza, macho yamemtoka kana kwamba mle ndani kuna mamba. Kabula Masunga, aliyevaa mabuti ya mpira na koti la kiume lililomzidi mabega, anampiga kofi kiunoni na kumwambia kwa Kisukuma neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Ng'ombe anaruka. Maji ya dawa yanatulowesha sote.

"Pole, dada," anamwambia mwandishi huku akicheka. "Wewe kupe hawakusogelei mwezi mzima."

Kabula ana miaka 28 na shahada ya sayansi ya wanyama. Anasimamia josho hili, nje kidogo ya mji wa Namanyere, wilayani Nkasi, kwa posho ya shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, na sehemu kubwa huishia kwenye mafuta ya pikipiki. Kwa miaka miwili ametafuta jambo moja tu: ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili ya afya ya mifugo nchini Uholanzi.

Si kwamba amechoka kwao. Anataka kuelewa ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ndama. "Boma hili ndama wanakwisha, la jirani wanapona, na wote wanaoga hapahapa," anasema. "Mzee akiniuliza kwa nini, sina jibu. Inaniuma."

Maombi yake ya kwanza yaligonga mwamba, na sababu yake Mzungu wa chuoni asingeweza kuikisia. Familia ya Kabula ilihamia Rukwa na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga kabla hajazaliwa, na katika maboma aliyokulia mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Kuwataja kwa idadi ni kuwaitia husuda na mikosi.

"Ni kama kumwambia mtu atoe pochi hadharani," anaeleza. "Kwa hiyo niliandika kwamba wafugaji wetu wana ng'ombe wengi na ndama wengi hufa. Nikaona nimemaliza kazi!"

Chuo kilimjibu kwa adabu: wazo ni zuri, ila halina kipimo. Ajaribu tena mwakani.

Rafiki yake tangu chuoni, Fransiska, mwalimu wa sekondari anayeishi Mazwi mjini Sumbawanga, hakuona tatizo. Yeye ni Mfipa, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi. "Nilimwambia, shoga yangu, sisi tunahesabu magunia barazani, majirani wote wanaona, na hatujafa. Nenda kahesabu!"

Kabula akaenda, boma kwa boma, kalamu mkononi. Wazee walimkaribisha vizuri na kumpa maziwa. Akiuliza idadi, walimjibu "wapo wapo tu," wakageukia habari za mvua.

Siku ya kuogesha iliyofuata aliamka mapema, akachanganya dawa na kufungua lango. Hakuja hata ng'ombe mmoja. Habari zilikuwa zimetapakaa kwamba binti wa Masunga anahesabu mifugo ili watu waondolewe, na kwa familia zilizowahi kuhamishwa, uvumi kama huo si mchezo.

"Nilikaa hapo ukingoni mpaka jua likawa kali," anasema, na kicheko chake kinapotea. "Nililia. Chuo nimekikosa, na sasa nawakosa na watu wangu. Na ndama wao je, bila dawa?"

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba yake, Mzee Masunga, alikuwa amesemwa vibaya na wenzake. "Niliwaka," anakiri mzee huyo, akirekebisha shuka begani. "Mtoto nimemsomesha kwa ng'ombe, halafu ageuke kuwahesabu ng'ombe walewale! Sikusema naye siku kadhaa."

Aliyelifumbua fumbo ni mama yake, tena akiwa anakamua na hakuinua hata kichwa. "Mayu," alimwambia, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia binti kwa upendo, "walio hai unawahesabia nini? Si unawatafuta waliokufa? Basi waulize wanawake habari za maziwa."

Ng'ombe wa asili, anaeleza Kabula, hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Ndama akifa, mama yake hubana maziwa. Kwa hiyo kila mwanamke anayekamua anajua ni ng'ombe yupi amebana, tangu lini, na ndama wake aliugua vipi. Kuhusu kufa, hakuna wa kukuonea wivu.

"Mimi nimekunywa maziwa ya pale tangu utotoni," anasema Kabula. "Digrii ninayo. Hilo halikunijia."

Kwanza ilibidi aombe radhi. Alisimama mbele ya wazee, akapiga goti, akaeleza alichokuwa anatafuta na kuchana karatasi zake zote. Meshack, mfugaji mwenye kundi kubwa (wanasema wengine, yeye hasemi), ndiye aliyemtetea. "Angejificha tusingemwamini tena," anasema. "Ila alikuja mwenyewe, mchana kweupe. Mtoto wenu akikosea mtamtupa wapi?"

Ng'ombe walirudi joshoni. Masika yote Kabula alizunguka majikoni badala ya mazizini, akisikiliza habari za ng'ombe mweusi mwenye baka na yule mwekundu wa pembe iliyovunjika. Kila mwisho wa juma alipanda basi kwenda Sumbawanga, ambako yeye na Fransiska waliyapanga yote kwenye kompyuta. Wakatuma maombi upya.

Usaili ulifanyika kwa video, sebuleni kwa Fransiska. Umeme ulikatika katikati, wakaendelea kwa simu. Profesa mmoja akauliza lile swali: jumla, eneo lina ng'ombe wangapi?

"Nikamwambia sijui, na sitauliza. Moyo ukaniambia, Kabula, umejimaliza tena!" Akawaeleza habari za maziwa. Profesa wa pili akamuuliza: je, ng'ombe akibana kwa sababu nyingine, maradhi ya kiwele au njaa, utamtofautishaje?

Kabula hakubahatisha. "Nikasema, hilo sijui kabisa. Ndiyo maana naomba kuja."

Jibu lilimkuta joshoni, mikono imeloa dawa. Alikubaliwa, na ufadhili juu. Wanaomfahamu wanasema alipiga kelele mpaka madume wawili wakatoroka. Pasi ya kusafiria ameshaichukua Sumbawanga, viza anaisubiri, na mwezi Agosti ataondoka. Anataka kurudi na ujuzi wa maabara ili ndama wa Nkasi wapimwe damu Namanyere badala ya sampuli kusafirishwa mbali.

Asubuhi baada ya jibu hilo kufika, ng'ombe wakitoka zizini, Mzee Masunga alimwita bintiye langoni. Wakasimama bega kwa bega mpaka wa mwisho akapita. Kisha mzee akamwinamia na kumtajia sikioni idadi ya ng'ombe wake wote, ambayo hakuwahi kumtajia mtoto yeyote.

Tulimuuliza kwa nini.

"Watu wanasema binti ni mgeni tu, leo yupo, kesho ameolewa. Mgeni hapewi hesabu ya zizi. Hiyo hupewa mwenye nyumba. Sasa anakwenda mbali, nikaona aondoke akijua yeye ni nani hapa."

Kabula anafuta macho kwa mkono wa koti. Tunapomuuliza, kwa utani, idadi yenyewe ni ngapi, anatikisa kichwa.

"Hiyo usiandike, dada. Andika kwamba nitarudi."