Surua Isiyokuwa Surua

Mimi sijui kushindwa kwa maneno. Mtaani kwetu Malindi wanalijua hilo, na marehemu mume wangu alilijua kuliko wote. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, binti yetu wa pekee, aliyekuwa na miaka minne, alishikwa na homa ya siku sita. Macho mekundu, midomo imepasuka, vipele mwili mzima. Kwetu hiyo ni surua, na surua haipigwi sindano: ukimdunga mtoto, vipele hurudi ndani vikamuua. Hufungiwa chumbani, hupakwa mafuta, husubiriwa.

Mume wangu alikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Aliporudi akamwona mtoto, akasema twende hospitali. Nikamjia juu. "Wewe umeuguza watoto wangapi?" Akapaza sauti, naye si mtu wa kelele. Nikasimama mlangoni, nikamwambia apite juu yangu. Hakupita.

Wiki iliyofuata homa ikakatika, ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Nikajua surua imekwisha. Nikamkogesha mwanangu, nikapika wali wa nazi, nikagawia majirani. Mume wangu nilimtazama tu, nikaona raha.

Miaka mitatu baadaye mtoto akawa anacheza kidogo, kisha anashika kifua. Nilimpeleka Mombasa peke yangu, maana baba yake alinyimwa ruhusa kazini. Daktari akampiga picha ya moyo, akaniuliza: aliwahi kuwa na homa ndefu, macho mekundu, vidole vikabanduka? Nikasema ndiyo. Akanieleza taratibu kwamba ile haikuwa surua. Ulikuwa ugonjwa mwingine, ambao ukipita waweza kuacha mishipa inayoulisha moyo imetutumka, kama mpira wa baiskeli uliochoka. Damu ikiganda hapo, moyo hukosa chakula. Nikamuuliza, je, ningemleta siku zile, angepona? Akainamia karatasi zake. "Pengine," akasema.

Nyumbani nilimwambia baba yake kwamba mtoto amezaliwa nao.

Tukawa tunampa kipande cha aspirini kila asubuhi, na kukimbia tukamkataza. Alikaa barazani akiwahesabia wenzake kuruka kamba. Maskini mwanangu, alihesabu kwa haki, hakumpendelea mtu. Akiniuliza atapona lini, nilimwambia akikua.

Hakukua. Alikuwa na miaka tisa, anajifunga mtandio aende chuoni kusoma Kurani, akakaa chini, akasema amechoka. Nilipomfikia alikuwa amekwenda.

Siku ya tatu, watu wa matanga walipotawanyika, mume wangu akaja akakaa nami mkekani. Macho yamemvimba. Akasema kuna jambo linamla roho: siku ile ya surua alinipigia kelele, na mimi ndiye niliyekuwa nikikesha na mtoto.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Wewe ulijua unalolifanya."

Nilimtazama. Nikamwambia, "Nimekusamehe."