Inchi Sitini na Sita za Adolphine

Itangazwe kwa wakuu wa serikali, wa jeshi na wa kanisa, kwa wenye vyeo na wenye viatu vilivyotoboka: katika Lubumbashi nzima hakuna aliyeijua njia ya kutoka inchi kwenda sentimita kama Casimir, fundi wa masanduku ya wafu, mtaa wa Katuba. Wabelgiji walituachia mita. Waingereza waliwaachia Wazambia inchi. Mbao zinatoka Zambia, wafu wanatoka Katuba, na kazi ya kuwapatanisha ikamwangukia Casimir.

Kanuni yake ilikaa kichwani. Chukua inchi, zidisha mara mbili, kisha ongeza nusu ya zile inchi. Sitini inakuwa mia na hamsini, kwisha. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwambia kwamba hesabu hiyo inapunja karibu sentimita tatu kwa kila maiti. Casimir akamjibu kwamba ndiyo maana yeye huongeza kiganja. Miaka thelathini na minane, hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

Jumanne mkewe Adolphine akafa. Sukari ilikuwa imemtafuna miaka minne. Ilimla macho, ikamla vidole vya mguu, na mgongo wake ukajikunja kama ubao mbichi ulioachwa juani.

Asubuhi ya kilio, Bénédicte, mdogo wa marehemu, alimkuta uani akipiga randa. Bénédicte alikuwa ameshika utepe wa kupimia.

"Shemeji, yaya Adolphine tumeshamuosha. Kuya umupime."

"Hapana lazima. Iko sitini na sita."

"Nani alisema?"

"Mulango."

Nyuma ya mlango wa chumba chao palikuwa na mstari wa penseli na namba hiyo. Casimir aliuandika wiki ya ndoa, alipotaka kuchonga kitanda chao cha kwanza. Adolphine alisimama pale akicheka, visigino vikiwa hewani ili amfikie bwana harusi begani. Casimir aliviona visigino. Akaandika hivyo hivyo.

Bénédicte aliuacha utepe juu ya benchi. Casimir hakuugusa. Mtu aliyepima nusu ya Katuba, mapadri, walevi na watoto wachanga, hakuweza kuvuka uwanja wa nyumba yake kwenda kumnyooshea utepe mtu mmoja. Alichotaka kilikuwa kimoja: sanduku limtoshe Adolphine, kama kitanda kile kilivyomtosha. Sitini na sita mara mbili, ongeza thelathini na tatu: mia sitini na tano. Ongeza kiganja. Alikata, akapiga misumari, akapiga msasa hata ndani, mahali ambapo hakuna atakayepapasa.

Saa sita wakamlaza. Kichwa kilipokaa vizuri, miguu ikabaki mbali na mwisho wa sanduku, na mbele yake pakawa na nafasi ambamo mbuzi mdogo angelala bila kujibana. Sanduku lilikuwa la mwanamke mwingine, yule wa mlangoni.

Hapo akasogea Jeannot, munungwe wa Casimir, mtani wa ukoo, ambaye kazi yake kwenye kilio ni kuwachokoza wafiwa ili wasife pamoja na marehemu. Akapima nafasi ile kwa viganja: kimoja, viwili, na vidole juu.

"Bandugu, muangalie fundi wetu. Bantu ya benyewe anabapima na mètre, bibi yake anamupima na kumbukumbu. Ao unataka kuingia naye, mukubwa? Nafasi iko, lakini ukunje magoti."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kilio, kinachoishia puani. Casimir hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na vitenge vya Adolphine vilivyokunjwa, akapiga magoti, akavipanga kimoja kimoja kwenye miguu ya marehemu mpaka nafasi ikajaa. Mkono wake ulibaki juu ya kisigino. Kilikuwa kimetulia chini, hakikuinuka.

Jeannot akachuchumaa karibu naye. Sauti yake sasa haikuwa ya mtani.

"Casimir, weye ndiye unajua hesabu. Huyu mama alipunguka inchi ngapi, pouce ngapi?"

Casimir akavuta kifuniko.

"Sijui. Sikumupima."