Steringi Ashushwe Kaliua

Juzi nilikuwa kwa kinyozi pale Chemchem, nasubiri zamu yangu. Kwenye runinga kulikuwa na sinema ya kivita, Kiingereza kitupu. Jamaa aliyekuwa kitini, povu limemjaa mashavuni, akamshika kinyozi mkono.

"Zima hiyo, kaka. Feki hiyo."

"Feki vipi? Hii ndiyo yenyewe. Ile uliyoizoea imetiwa maneno ya Kiswahili na mtafsiri."

"Wamekata! Adui si anamwambia steringi, 'Nitakushusha Kaliua, usubiri treni ya Mpanda mpaka uote ndevu'? Mbona hasemi?"

"Mzungu wa watu, stesheni yetu ya Kaliua kaijulia wapi?"

Jamaa akatazama nyumba mbili zikilipuliwa, kisha akatoa hukumu huku povu likimdondoka: "Basi hii si sinema. Ni watu wanagombana tu."

Mimi ninayejifanya kukijua Kiingereza nilificha kicheko nyuma ya gazeti. Ushamba gani huu, nikajisemea, mtu kumwamini mtafsiri anayebuni na kumkataa mwenye sinema yake? Nikaanza kuipanga kichwani safu yangu ya gazetini ya kumcheka.

Ndipo ikafika ile sehemu ya mwisho. Adui akamwelekezea steringi bunduki, akafungua kinywa. Alichosema hakuna aliyekisikia, kwa sababu kinyozi, wateja wote na mimi, gazeti langu likiwa sakafuni, tulimsemea kwa sauti moja: "Nitakushusha Kaliua!"

Na nawaapieni, wasomaji, steringi alishtuka kweli.