Wa Tatu Kutoka Kushoto

Binti yangu anatengeneza chipu za kompyuta huko Taiwan. Mwaka wa kwanza alinitumia picha ya watu wanane kiwandani, wote wamejifunika nguo nyeupe hadi nyusi. Sikumuuliza yeye ni yupi. Mzazi gani huuliza swali kama hilo? Nikamchagua wa tatu kutoka kushoto, kwa vile alivyoinamisha bega. Fremu niliyonunua ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilikunja ukingo wa picha, na yule wa nane, aliyesimama kando ya wenzake, akafichika. Nilidhani ni msimamizi wao.

Mimi nimestaafu kutoka visima vya mvuke vya Olkaria. Serikali iliposema inataka kiwanda cha chipu huku kwetu, karibu na umeme wa mvuke, niliamini kuliko hata waliosema. Mkataba wa binti yangu ulipokaribia kwisha alinipigia.

"Dad, huku niko peke yangu sana. Nirudi home?"

"Urudi ufanye nini? Ukae kwa nyumba na hiyo degree? Ngoja kiwanda ifunguliwe."

Nilijiona mjanja. Mama yake tulikuwa tumeshamzika, na mimi kila jioni nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, asubuhi nawapa kuku kiporo. Hilo sikumwambia.

Juzi tuliitwa Nakuru mjini kutoa maoni kuhusu sera ya chipu. Nilivaa koti la kanisani. Hema lilikuwa kubwa, viti vingi, watu wachache, na nusu yao walikuwa wanaulizia soda. Nikainua mkono.

"Kiwanda itafunguliwa lini?"

"Mzee, hii bado ni draft," afisa akanijibu kwa upole. "Mambo ya kiwanda hatujafika. Lakini maoni yako tumeandika."

Nilichungulia karatasi yake. Alikuwa ameandika: Mwananchi anaunga mkono. Nilikasirika nikaiacha soda yao mezani, nikatoka nje na kumpigia binti yangu hapo hapo.

"Rudi," nikamwambia. "Hakuna kiwanda. Rudi tu hivyo hivyo."

"Si uliniambia ningoje, Dad? Nilisign contract ingine. Miaka tano."

Kwa kutafuta tu neno la kusema, nikauliza lile swali nililoliepuka: kwenye ile picha, wewe ni yupi?

"Wa mwisho, huku kulia. Yule amesimama peke yake. Kwani hukunijua?"

"Nilikujua," nikasema.

Nilipofika nyumbani niliivunja fremu, nikamkunjua. Mkunjo umempita kifuani na hauondoki, hata nimejaribu kuunyoosha kwa pasi. Niliona aibu kama mtu aliyemfungia mwanawe nje ya mlango. Sasa picha nimeiegemeza kwenye redio, bila fremu, na nikikaa kula namwambia pole.