Kaseti ya Kupimia Hisabati

Miaka ile serikali ilipoanza kupunguza watumishi, na madukani vitu vikajaa ghafla, mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja pale Songea. Mkuu wa utawala alituita sisi tusiokuwa na cheti cha kidato cha nne, mmoja mmoja. "Mama, siku hizi karatasi ndiyo inayoongea," aliniambia. Shuleni hisabati ndiyo iliyoniangusha, basi nikajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikifaulu nabaki, nikifeli natoka. Hapakuwa na maelezo mengine.

Shida yangu haikuwa hesabu zenyewe, ilikuwa muda. Swali moja liliweza kunishika mpaka ugali ukapoa. Dada yangu aliuza mitumba sokoni, na tuliishi chumba kimoja Mjimwema. Akaninunulia saa ya mkononi ya plastiki, zile zilizomwagwa juu ya turubai kama dagaa. Nikawa naitazama saa kuliko swali, nikamrudishia. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa kupangilia mambo, akanichorea ratiba ya rangi mbili nibandike ukutani: saa kumi na mbili jiometri, saa moja aljebra. Ratiba gani, na watu wanapiga hodi? Jirani kafiwa, utamwambia una aljebra? Niliibandua, nikawashia mkaa.

Ndipo nikagundua kaseti. Dada alikuwa na redio kaseti na mkanda mmoja wa kwaya ya kanisani, upande mmoja nusu saa. Nauwasha, naanza maswali, kitufe kikiruka ta! kalamu chini. Hakuna cha kutazama. Nilijiona nimepatia, jamani, na nikawatangazia ofisi nzima.

Umeme kwetu ulikuwa haujafika, kwa hiyo tulitumia betri. Zikiisha tulizianika juani juu ya bati, kama walivyofanya wote, zikapata uhai kidogo tukazirudisha. Mimi nikaona naendelea vizuri. Maswali niliyokuwa nikiyaacha njiani sasa nayamaliza, na kwaya bado inaimba.

"Mdogo wangu," dada akauliza jioni moja, "hawa wa sauti ya kwanza mbona siku hizi wanaimba kama wazee wa parokia?"

"Mkanda umechakaa."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Mkanda haukuwa na neno. Betri ndizo zilizochoka, mkanda ukawa unajikokota, na nusu saa yangu ikawa inarefuka wiki hadi wiki. Mtu mwenye akili zake angetambua. Mimi nilikuwa namaliza maswali, na furaha ya kumaliza ilinitosha.

Siku ya mtihani nilifanya kwa mwendo uleule niliojizoesha, kwa utulivu, hata nikawaonea huruma wenzangu waliokuwa wakikimbiza kalamu. Msimamizi aliposema tuache kuandika, nilidhani anamsemesha mtu mwingine. Nilikuwa na ukurasa mzima sijaugusa.

"Mama, lete."

"Bado," nikamwambia.

Akaichomoa karatasi taratibu chini ya mkono wangu, bila ukali wowote. Afadhali angenifokea.

Nilifeli. Nilijikasirikia hadi chakula kikakosa ladha, na dada hakunicheka ingawa alikuwa na haki zote. Ofisini nilikabidhi funguo za masjala, nikanywa soda ya kuagwa, nikapeana mikono na watu. Mkuu wa utawala alinitakia kila la heri, nami nikamshukuru. Sikulia.

Jumatatu iliyofuata niliamka alfajiri kama kawaida. Nikaoga, nikavaa sketi ya ofisini, nikavaa na viatu. Dada alikuwa ameshakwenda sokoni. Nikakaa kitandani na siku nzima mbele yangu, na popote pale hapakuwa na mtu aliyetaka niwahi. Hapo nililia.