Nthoki Ng'ambo ya Thwake

Mtaani Shauri Moyo, Nairobi, walimjua Nthoki kwa vyondo, vile vikapu vya kusukwa. Alikaa mlangoni akisokota katani kwenye paja, na vikikamilika akavipeleka kuuza sokoni Kariokor. Mumewe, Nyamai, baba wa mwanawe Mativo, alikuwa mchonga vinyago. Wote wawili walitoka milima ya Mbooni, kule Ukambani, kati ya bonde la Thwake na la Kaiti.

Masika ya mwaka wa 1977, dereva wa lori kutoka kwao alimletea Nthoki habari kwamba mama yake, Ndindi, alikuwa mahututi na alikuwa akimwita. Nthoki alifunga nguo kwenye leso, akaondoka siku hiyo hiyo.

Gari lilimshusha ukingoni mwa Thwake. Mto ulikuwa umefurika, maji mekundu yakibingirisha miti mizima. Ng'ambo, mlimani, aliiona nyumba ya mama yake.

"Leo havuki mtu," alisema mama mmoja aliyeuza chai pale. "Lala kwangu, maji yatapungua."

Hayakupungua. Asubuhi Nthoki aliona watu wamejaa uani kwa mama yake. Kisha kaka yake, Mutisya, akashuka hadi ukingo wa pili, akaweka viganja mdomoni.

"Nthoki, mama ametuacha."

"Nisubirini."

"Hatuwezi, dada. Mlima unaporomoka, kaburi linajaa maji. Tunamzika leo."

Nthoki akasimama matopeni. Aliuona mwili ukitolewa, umefungwa blanketi. Wimbo ulimfikia vipande vipande, vingine vikimezwa na mto. Walipoanza kutupa udongo, naye aliinama, akachota tope, akalirusha majini.

"Mama, pokea," alisema.

Siku maji yaliporuhusu, alivuka akapanda mlima. Mutisya alimngoja kando ya kaburi.

"Aliuliza kama umefika," alisema. "Tulikuwa tumekuona ukingoni, tukamwambia uko mtoni, unakuja. Basi akatulia."

Nthoki alikaa chini, akasawazisha udongo kwa mikono mpaka giza likaingia.

Miaka ilipita. Nyamai alipozeeka kazini, alitaka warudi Mbooni wajenge.

"Nenda, baba Mativo," Nthoki alimwambia. "Mimi ule mto siuvuki tena."

Nyamai akadhani ni uchungu tu, utapoa. Alijenga, akaezeka mabati, akamwachia chumba kimoja chenye dirisha. Nthoki hakwenda hata kukiona.