Fagia Mpaka Korosho Ionekane

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na tano, sare nimeinyoosha mpaka inang'aa, na mfukoni nina karatasi niliyoikariri. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Nilikuwa mnasihi rika, yaani mwanafunzi aliyefundishwa kidogo namna ya kuwasikiliza wenzake wenye mambo yanayowasumbua. Nimeifanya katika shule mbili, ya kwanza Nachingwea na ya pili Ruangwa, na sasa nimemaliza kidato cha nne, nimestaafu. Najua neno hilo linachekesha kwa mtu wa umri wangu. Kaka yangu amelicheka sana. Lakini Matroni wa Ruangwa aliniomba niwasimulie ninyi mnaopokea kazi jinsi ilivyofanywa wakati wetu, na mimi kusimama mbele za watu siwezi, kwa hiyo naandika.

Ofisi yetu Nachingwea ilikuwa stoo ya majembe. Mkubwa wetu aliitwa Mwalimu Mnasihi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na alikuwa ameweka humo viti viwili. Alitufundisha kwamba viti visitazamane kama vya polisi na mtuhumiwa. Vinakaa pembe, ili mlengwa akitaka kuangalia dirishani aangalie. Mlengwa ndiye aliyekuja kusikilizwa. Mgonjwa hatukumwita, wala mwenye matatizo.

Mlengwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza kutoka Kilimarondo, hajawahi kulala bweni maishani mwake, analia kwa kukumbuka nyumbani. Nikaketi. Nikaanza: karibu sana, jisikie huru, yote tutakayozungumza hapa ni siri isipokuwa pale ambapo usalama wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Akaacha kulia, akanitazama.

"Dada, hayo unayasoma wapi?"

"Nimekariri," nikasema, maana sikuwahi kuwa na wepesi wa kudanganya.

Akacheka. Na mimi nikacheka. Halafu akaanza kunieleza habari za ngedere wanaoingia shambani kwao, na jinsi ilivyokuwa kazi yake kuwafukuza, na sasa mdogo wake amebaki nayo peke yake. Karatasi yangu ilikuwa na hatua nyingi na sikufika hata ya pili. Nikaenda kwa Mwalimu Mnasihi kujiuzulu siku hiyohiyo niliyoanza. Alikuwa anafunga kamba kwenye ndoo ya kisima.

"Amerudi darasani?" akauliza.

"Amerudi, mwalimu."

"Basi. Wewe ulitumwa ukakae naye. Hukutumwa kwenda kufanya mtihani."

Ndiye aliyetufundisha kuakisi. Kuakisi ni kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe, taratibu, bila kuyapamba, ili ayasikie. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwanzoni tuliakisi kila kitu mpaka watu wakatukimbia. Mwenzako anakwambia ana njaa, unamwambia, kwa hiyo unasema unasikia njaa, anachukua sahani yake anahama meza. Alitufundisha pia rufaa, yaani kujua jambo lililokuzidi na kulipeleka kwa mkubwa mapema. Mimi huko nilipeleka mawili. Hayo siyaandiki hapa, siri ni siri hata mtu akistaafu.

Baba alipohamishia shughuli zake za ufuta Ruangwa, nami nikahamia shule ya huko, jirani na kwa bibi yangu Nkowe. Huko mkubwa wangu alikuwa Matroni. Matroni hakuwa na stoo wala viti. Vikao vyake vilifanyika watu wakichambua maharage, wakimwagilia bustani, wakifua. Aliniambia ameona watoto wakiongea vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli, kwa sababu macho yanapata pa kwenda. Nilipofika kidato cha nne akanifanya msimamizi wa wanasihi rika. Nikamwambia mimi naona aibu kuwasimamia watu. Akasema ndiyo maana.

Sasa niwaeleze jambo lililonifundisha kazi yote.

Tulikuwa na msichana wa kidato cha pili, Somoe, wa kwao Nkowe. Alikuwa na akili na kila mtu alijua, lakini karatasi zake za majaribio hazikufika kwa walimu. Alikuwa anaandika jibu kwanza kwenye karatasi ya pembeni, anahamishia kwenye ile nzuri, akikosea herufi moja anaichana anaanza upya. Kengele ikilia hana cha kukusanya, au anacho nusu tu na anaona aibu kukitoa, anakikunja kwenye daftari. Walimu walidhani ni dharau. Mjomba wake aliyekuwa anamsomesha alikuja shuleni akasema wazi mbele yetu: akifeli upimaji wa kidato cha pili, atamtoa, aje amsaidie mkewe kwenye genge. Na upimaji ulikuwa unakaribia.

Kwenye mafunzo tabia hiyo tuliiita ukamilifu. Mtu anaogopa kosa dogo mpaka anapoteza kitu kikubwa. Ukiitazama kwa nje utafikiri ni bidii.

Nikampa Somoe mnasihi, kijana wa kidato cha tatu anaitwa Joakimu, mtoto wa katekista wa Chinongwe, bingwa wetu wa midahalo. Nilifikiri nampa mtu bora. Joakimu akachukua wiki nzima kuandaa maswali. Aliyaandika, akayafuta, akayapanga upya, akajaribu kuyasema akijitazama kwenye kioo cha dirisha la maabara, na wenzake wakamwita Mheshimiwa. Siku alipokaa na Somoe, alisoma swali, Somoe akasema ndiyo. Akasoma lingine, Somoe akasema hapana. Kisha wote wawili wakanyamaza mpaka kengele.

Alinifuata jikoni uso umemshuka.

"Dada Mwanaidi, mpe mtu mwingine. Nimemharibu."

"Umemharibu vipi?"

"Swali la tatu nililianza vibaya. Yaani nilisema 'je' halafu nikarudia 'je'. Akanitazama tu."

Nilitaka kumwambia maneno ya Mwalimu Mnasihi, yale ya kutumwa kukaa naye, lakini yalikwama. Mimi hukwama. Nikaona nina wawili, mlengwa na mnasihi wake, ugonjwa mmoja, na msimamizi wao hajui la kusema. Nikafanya nilichofundishwa. Nikapeleka rufaa kwa Matroni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu Jumamosi ni zamu ya kidato gani mikoroshoni.

Shule yetu ina mikorosho nyuma ya mabweni. Ninyi wa huku mnajua, lakini labda hii ataisoma mtu wa mbali: korosho haichumwi juu, inasubiriwa ianguke yenyewe pamoja na bibo, tunda lake laini. Kwa hiyo msimu ukifika watu hufagia chini ya mikorosho, majani makavu yaondoke, ili inayoanguka ionekane iokotwe mapema. Ikikaa kwenye majani hutaiona, na mvua ikiikuta inaharibika rangi na daraja linashuka.

Jumamosi hiyo Matroni aliwapanga Somoe na Joakimu mti mmoja, fagio kila mtu na lake. Akanipanga mimi mti wa jirani. Joakimu alikuwa na karatasi yake ya maswali mfuko wa shati, naiona inachungulia. Kulikuwa na wingu zito upande wa Nachingwea, kwa hiyo watu walifagia kwa haraka, wakamaliza mti wakahamia mwingine. Sisi tulipofika mti wa tatu, Somoe bado yuko kwenye wa kwanza. Amefagia majani, amefagia vijiti, sasa anafagia mchanga, anaupanga mistari iende upande mmoja. Jani moja likianguka anarudi nyuma kulifuata. Korosho zilikuwa zimelala palepale mbele yake, anazisogeza kwa fagio ili zisivuruge mistari.

Joakimu, aliyekuwa bado naye mti uleule, alisimama. Aliitoa karatasi, akaitazama, akairudisha. Kisha akauliza swali ambalo najua hakuliandaa, kwa sababu lilitoka limepinda.

"Somoe, kwani... yaani kwenu huko nako mnafagia hivi?"

Somoe alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Kwetu? Ukifagia hivi bibi anakunyang'anya fagio."

"Sasa mnafagiaje?"

"Mpaka korosho ionekane," Somoe akasema, kama anamweleza mgeni. "Ikishaonekana, unaokota."

Halafu fagio lake likasimama. Aliangalia chini.

Nilimtazama Joakimu, namwomba kimoyomoyo asitoe hotuba. Matroni alikuwa na gunia mti wa pili. Hakugeuka hata shingo. Alisema tu, "Joakimu. Mwakisie."

Joakimu akamgeukia. "Mpaka korosho ionekane," akarudia, taratibu.

Somoe alisogeza korosho moja kwa ncha ya fagio. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "Lakini mtihani si shamba. Mwalimu akiona nimekatakata ataniona mchafu."

"Sijui," Joakimu akasema. "Labda. Mimi mwenyewe maswali yangu nimeyasafisha wiki nzima." Akaitoa ile karatasi akampa. Somoe akaisoma, akaweka kiganja mdomoni.

"Hili ulitaka kuniuliza kweli? 'Je, ni kwa namna gani mazingira ya makuzi yako'?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Ningekimbia."

Wakacheka mpaka Joakimu akakaa chini, juu ya ile mistari ya mchanga, akaivuruga yote, na Somoe hakumkemea. Matone ya kwanza yakaanza. Matroni akapiga kelele tuache kufagia, tuokote, na Somoe akalitupa fagio akaokota na wengine wote. Nusu ya mti wake aliyokuwa hajaifikia ililowa na majani yake. Korosho ziliingia guniani kavu.

Sitaki mfikiri alipona siku ile. Wiki iliyofuata kwenye jaribio la bailojia alichana tena karatasi. Lakini safari hii alimwambia Joakimu mwenyewe, na Joakimu hakuja na maswali, alikuja na maharage ya kuchambua. Wakakubaliana, na Matroni akamfuata mwalimu wa bailojia akakubali, kwamba Somoe ataandika moja kwa moja kwenye karatasi ya kukusanya, kosa atalikata kwa mstari mmoja, na kabla ya kila jibu atajiuliza mwalimu hapa anatafuta nini. Joakimu aliita hiyo kutafuta korosho. Mwalimu wa bailojia alimwambia Somoe kwamba yeye akisahihisha hatafuti uzuri, anatafuta jibu, na chini ya mstari mmoja bado analisoma.

Darasa letu lilitazamana na la kidato cha pili. Siku ya jaribio lililofuata niliacha kusoma nikawa naangalia dirishani. Kengele ililia. Mwalimu akapita akikusanya. Somoe alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeshika kuku asimponyoke. Mwalimu akafika, akanyoosha mkono, akasubiri. Alisubiri muda mrefu, Mungu ambariki. Somoe akaiachia. Kisha akalaza kichwa juu ya dawati, na mimi nikagundua nimeuma kalamu mpaka wino umenijaa mdomoni.

Upimaji wenyewe aliufanya, na kila karatasi aliikusanya. Matokeo yalipotoka hakuwa na A hata moja. Alifaulu. Mjomba wake alilalamika kwamba mtoto mwenye akili vile angeweza kufanya vizuri zaidi, lakini akamnunulia madaftari ya kidato cha tatu. Joakimu sasa ndiye msimamizi wenu. Bado anatoa hotuba, mvumilieni, na mkiona anachungulia mfukoni mwambieni Matroni.

Kama mnaniuliza nimebaki na nini, ni kidogo. Ninyi mnaokwenda kuwasikiliza wenzenu mtataka kuwa wanasihi wasiokosea, na mlengwa wenu atalijua hilo kabla hamjaketi, maana anaogopa kitu kilekile. Hamwezi kumwambia aache huku ninyi mmekishikilia. Swali lililopinda lilifungua mdomo wa Somoe. Yale yaliyonyooka yaliufunga. Wapo ambao hatukuwaweza pia. Kuna kijana mmoja aliacha shule mikononi mwangu na mpaka leo nikiona shati la bluu kama lake sokoni nageuka kuangalia.

Mimi niko Nkowe kwa bibi nasubiri matokeo yangu. Korosho za mwisho bado zinaanguka. Jana asubuhi tulikuwa shambani, yeye amekaa na kikapu, mimi nafagia huku nawaza haya niliyowaandikia, kama yamekaa sawa, kama niongeze habari za kuakisi, kama nifute ile ya kaka yangu. Nikawa nazunguka shina lilelile.

"Mwanaidi," bibi akaniita.

"Abee, bibi."

"Unazitafuta au unazificha?"

Nikatazama chini. Zilikuwa zinaonekana zote. Nikaliegemeza fagio kwenye mti, nikainama, nikaanza kuokota.